Alishawahi Kufungwa, Kwa Hiyo?

Katika vijiji na mitaa ya pwani ya Tanga, kuanzia Tongoni kuteremka Kigombe hadi Pangani, kifungo hakina siri. Mtu akipelekwa gereza la Maweni, watu wanajua siku aliyoingia, kosa lililompeleka na siku aliyotoka, pengine kwa msamaha wa Rais wa sikukuu ya Muungano au ya Uhuru. Ikitokea mashine ya boti imeibwa, jina lake hutajwa kabla hata nyayo mchangani hazijaangaliwa. Makala haya yanamhusu yeyote ambaye siku moja ataombwa kupima maneno ya mtu wa namna hiyo: mzee wa baraza anayeketi na hakimu, mwenyekiti wa mtaa anayegongewa mlango usiku, shahidi anayeapishwa mahakamani, hata ndugu yetu aliyechukua uraia wa Marekani akaletewa barua ya kuitwa kwenye juri. Ushauri wangu kwa wote ni mmoja. Pima kwanza ushahidi wa tukio lenyewe mpaka mwisho, bila kukigusa kile kifungo cha zamani. Ukishamaliza ndipo ujiulize kama kifungo hicho kimebakiwa na kazi yoyote ya kufanya. Mara nyingi hakijabakiwa nayo, na kikibakiwa nayo, ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Wapo wanaomwona mzee wa baraza kuwa ni pambo la mahakama, mtu wa kukaa kando ya hakimu na kuitikia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 haikumwona hivyo. Ilivyotungwa, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na wazee wasiopungua wawili, na walipotofautiana, hata juu ya swali la kama mshtakiwa ana hatia au hana, waliamua kwa wingi wa kura. Hakimu alipata kura ya turufu pale tu kura zilipolingana. Maana yake wazee wawili wenye neno moja waliweza kumshinda hakimu, wakampeleka mtu jela au wakamrudisha kwa watoto wake. Mahakama Kuu mambo ni tofauti: huko wazee hutoa maoni na jaji hafungwi nayo, ila anapoketi nao hana budi kuwafanyia muhtasari wa ushahidi na kuwaelekeza mambo ya msingi ya sheria. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maoni ya wazee yanaweza kuwa na thamani kubwa, kwa sharti kwamba wameelewa vema mambo ya kesi na sheria inayohusika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelishika neno hilo, na si kesi chache za mauaji zilizobatilishwa kwa sababu wazee hawakuelekezwa sawasawa. Kenya iliachana na wazee hao mwaka 2007, Uganda ingali nao, na kwetu tangu mwaka 2022 jaji wa Mahakama Kuu anaweza kusikiliza kesi bila wao. Lakini jaji au hakimu anayeketi peke yake naye ni binadamu, na onyo ambalo angewapa wazee hana budi kujipa mwenyewe.

Onyo gani? Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1872 tuliyorithi kwa wakoloni, imejengwa juu ya msingi kwamba tabia mbaya ya mshtakiwa haiingizwi katika kesi ya jinai ili kuonyesha kuwa ndiye aliyetenda kosa la leo. Kuna hali za pekee, lakini ni chache. Mojawapo huletwa na mshtakiwa mwenyewe: akijisifu mbele ya mahakama kuwa ni mtu mwema asiye na doa, upande wa mashtaka unaruhusiwa kuonyesha doa lilipo. Tazama pia mpangilio wa kesi yenyewe. Rekodi ya makosa ya awali huletwa mshtakiwa akishatiwa hatiani, mwendesha mashtaka anapoulizwa kama huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza, na hapo ndipo inapoweza kuongeza adhabu. Hata pale ambapo hati ya mashtaka inataja hukumu ya zamani, mshtakiwa hujibu kwanza shtaka jipya peke yake. Habari ya zamani husubiri mpaka hilo liamuliwe. Kwa hiyo anayelalamika kwamba sheria inawafichia wahalifu historia yao hajaisoma hadi mwisho. Historia ina zamu yake, na zamu hiyo inakuja baada ya swali la nani ametenda.

Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo mahakama ya wengi wetu, ina ugumu wake. Ile Sheria ya mwaka 1967 haitumiki humo. Kuna kanuni fupi za ushahidi za mwaka 1964. Mawakili nao kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kuingia, na mpaka leo wengi wanaoshtakiwa humo hujitetea wenyewe. Shahidi akisema katikati ya ushahidi wake, "Huyu sisi tunamjua, katoka Maweni juzi tu," hakuna wakili wa kusimama na kupinga. Maneno yameshatoka, na mshtakiwa hajui kwamba angeweza kulalamika. Mzigo wa kuyaweka mahali pake unabaki kwa hakimu na wazee.

Sasa tuliangalie hoja ya uaminifu, kwa sababu ndiyo hoja ya watu wenye busara. Hawasemi kwamba mtu aliiba leo kwa kuwa aliiba zamani. Wanasema: mshtakiwa amepanda kizimbani akakana, na mimi natakiwa kuamua kama nimwamini, je, nisijue huyu anayezungumza ni nani? Marekani wameijibu hoja hii kwa kukubali nusu. Kanuni zao za shirikisho za ushahidi, zilizoanza kutumika mwaka 1975, zinaruhusu mshtakiwa anayechagua kutoa ushahidi kuulizwa juu ya baadhi ya hukumu zake za zamani. Makosa ya uongo huingia kwa urahisi, makosa mengine mazito huingia jaji akishapima madhara yake, na hukumu iliyopitwa na zaidi ya miaka 10 tangu mtu kutoka gerezani huingia kwa nadra. Kisha jaji huwaelekeza wanajuri kwamba habari hiyo waitumie kupima kama mshtakiwa anasema kweli, na wasiitumie kabisa kuamua kwamba ametenda kosa hili kwa sababu alitenda lile.

Agizo hilo linapendeza masikioni, lakini je, linatekelezeka? Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Roselle Wissler na Michael Saks, walichapisha jaribio lililowapa watu wa kawaida maelezo ya kesi, moja ya wizi wa gari na nyingine ya mauaji. Baadhi hawakuambiwa lolote juu ya historia ya mshtakiwa. Wengine waliambiwa aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la aina ile ile, wengine kwa kosa tofauti, wengine kwa kusema uongo chini ya kiapo, na agizo la kuitumia habari hiyo kwenye uaminifu tu lilitolewa. Waliomtia hatiani kwa wingi kuliko wote ni wale walioambiwa kosa la zamani linafanana na la sasa. Wala si waliosikia kuwa mtu huyu alikwisha kudanganya mahakama, ingawa hao ndio waliokuwa na sababu ya haki ya kumshuku ulimi wake. Tena walipoulizwa wanamwamini mshtakiwa kwa kiasi gani, majibu ya makundi yote yalikaribiana. Yaani rekodi haikugusa kabisa kile ilichoruhusiwa kugusa, ikaenda kufanya kazi pale ilipokatazwa. Jaribio moja halimalizi ubishi, na watu waliosoma maelezo kwenye karatasi si wazee waliomwona mshtakiwa akitetemeka. Hata hivyo lina la kutufundisha: mtu anaposema "mimi namshuku tu ukweli wake," asiwe na haraka ya kuamini kwamba ndicho anachokifanya.

Ndiyo maana simshauri mzee yeyote wa pwani ajaribu kusahau. Kumwambia mtu wa Tongoni asahau kwamba jirani yake alifungwa ni kumwagiza lisilowezekana, na anayejilazimisha kusahau jambo hulikumbuka zaidi. Kinachowezekana ni kupanga hatua. Ushahidi ukishakamilika, jiulize kama ungefikia uamuzi ule ule iwapo maneno haya haya, ya mashahidi hawa hawa, yangemhusu kijana wa mwalimu wa madrasa ambaye hajawahi kulala mahabusu hata usiku mmoja. Jibu likiwa ndiyo, basi ushahidi umejitosheleza na rekodi haihitajiki. Likiwa hapana, umeshajua kwamba kinachomtia mtu huyu hatiani ni Maweni, wala si ushahidi ulioletwa mbele yako.

Tuchukue mfano wa mezani, usiomhusu mtu yeyote. Mashine ya boti imeibwa usiku. Anayeshtakiwa alifungwa miaka sita iliyopita kwa kuiba nazi na madema. Shahidi wa kwanza ni mwenye mashine, ambaye hakuona kitu. Wa pili anasema alimwona mshtakiwa, kwa mbalamwezi ya mwezi mpevu, mnamo saa nne usiku, akisukuma ngalawa kutoka kwenye mikoko na mashine imo ndani. Hakuna mashine iliyopatikana. Mshtakiwa anasema alikuwa kwake amelala, na mkewe anasema hivyo hivyo. Mtu aliyeshika rekodi kwanza amekwisha kuamua: mwizi wa madema kapanda daraja. Lakini mzee anayeyajua maji ataanza kwingine. Mwezi mpevu ni wakati wa bamvua. Katika pwani hii siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, na Tongoni maji yakipwa hukimbia mbali, yakaacha matope mbele ya mikoko. Ngalawa yenye mashine ingesukumwa na mtu mmoja kwenda wapi saa hiyo? Pengine shahidi kakosea saa, pengine kakosea usiku, pengine ana maelezo mazuri. Mzee aombe ufafanuzi, kwa utulivu, bila kugeuka kuwa wakili wa upande wowote. Kisha ageukie mbalamwezi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, ambao mahakama zetu huurejea kila mara, anayedai kumtambua mtu usiku lazima apimwe: alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimtazama kwa muda gani, palikuwa na kitu kilichomzuia, na je, alikuwa akimjua kabla. Hili la mwisho lina pande mbili. Kumjua mtu kunasaidia kumtambua, na pia kunamfanya shahidi aone sura aliyoitarajia. Kivuli cha mtu anayebeba kitu usiku mtaani hupewa haraka jina la yule ambaye mtaa unamshuku.

Hapo ndipo ujuzi wa mwenyeji unapokuwa na maana. Huambiwa mara nyingi kwamba wazee huchaguliwa kwa kuwa wanawajua watu wao, kwa hiyo kuwazuia wasitumie wanachokijua ni kuwapotezea kazi. Sikubali. Mwenyeji analeta mahakamani kujua bamvua na maji mafu, desturi za kugawana samaki, njia ya mkato inayokatiza magofuni, lugha ya watu wanapokasirika na wanapotania. Hayo hakimu aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine hawezi kuyasoma popote, na yakisemwa waziwazi kila upande unaweza kuyajibu. Sifa ya mtu mtaani ni jambo jingine. Haijaapishwa, haijahojiwa, na hakuna ajuaye nani aliianzisha. Mzee anayeamua kwa sifa amegeuka shahidi wa siri ambaye mshtakiwa hapewi nafasi ya kumuuliza swali. Akiona anamjua mshtakiwa kupita kiasi, kwa udugu au kwa ugomvi, amweleze hakimu kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Rudi kwa mshtakiwa wetu na tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba humwamini. Umemsikiliza, umeona anababaika, na kifungo chake cha zamani kimekuongezea shaka. Je, sasa unajua nini? Unajua kwamba huwezi kutegemea neno lake kwamba alikuwa amelala. Hujajua kwamba alikuwa kwenye mikoko. Watu wengi huruka pengo hili bila kuliona: kumkataa anayekana wanakufanya kuwa ni kuthibitisha kile alichokikana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema mara nyingi kwamba mtu hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake, anatiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka, na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia. Ukifuta ushahidi wake wote na wa mkewe, bado umebaki na shahidi mmoja na saa nne ya usiku. Kama huyo hatoshi, kesi haitoshi. Hii ndiyo sababu nasema kazi ya rekodi katika uaminifu ni ndogo: uwezo wake wote unaishia kwenye kupunguza uzito wa maneno ya mshtakiwa, na maneno ya mshtakiwa si nguzo ya mashtaka.

Tena hata kupunguza kwenyewe kuna vipimo. Kila anayekabiliwa na jela ana sababu ya kukana, awe mwema au mwovu, awe na rekodi au hana. Basi rekodi inaongeza nini juu ya sababu hiyo? Inaweza kuongeza kitu pale kosa la zamani lilipokuwa kosa la uongo: kughushi hati ya shamba, kujipatia mali kwa udanganyifu, kusema uongo chini ya kiapo. Mtu wa namna hii alishathibitika kutumia maneno kama chombo cha wizi. Lakini aliyefungwa kwa kuvua kwa baruti, au kwa kukata mikoko, au kwa kupigana kilabuni, alivunja sheria bila kumdanganya mtu. Kosa la baruti ni zito, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haina mzaha nalo. Pwani hii, ambayo tangu mwaka 2009 ina hifadhi ya bahari ya silikanti, inajua hasara yake. Ila uzito wa kosa na uongo wa mtu ni mizani miwili. Iko hoja nyingine inayosahaulika: je, safari ile alikana au alikiri? Aliyekiri kosa la kwanza aliposomewa mashtaka alisema kweli pale ambapo kweli ilimgharimu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika uamuzi wa mwaka 2005 uliofafanua sheria mpya ya huko juu ya tabia mbaya, ilisema jambo linalokaribiana na hili: kuelekea kutenda makosa si sawa na kuelekea kusema uongo, na hukumu ya zamani itaonyesha uongo pale ambapo mtu alikana akasimama kizimbani na hakuaminiwa, au pale kosa lenyewe lilipotendwa kwa maneno ya uongo.

Kwa wasomaji ambao kipimo chao cha kwanza ni dini, jambo hili halitoki Uingereza. Katika Sura An-Nur, kosa ambalo adhabu yake imefungamanishwa waziwazi na kukataliwa ushahidi ni kuwasingizia zinaa wanawake watahirifu bila kuleta mashahidi wanne, nalo ni kosa la ulimi. Kisha pana kuvuliwa kwa waliotubu na kutengenea. Maimamu wakatofautiana: Wahanafi wakaona ushahidi wa mtu huyo haukubaliki hata baada ya toba, na Washafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea mwambao huu wote, wakaona toba ya kweli inamrudishia haki ya kusikilizwa, na wakazungumzia kipindi cha mwaka mmoja cha kuangaliwa mwenendo wake. Mahakama zetu za jinai hazihukumu kwa fiqhi, na sisemi zifanye hivyo. Nasema tu kwamba mzee wa Tongoni anayemkataa mtu maisha yake yote kwa kuiba madema miaka sita nyuma amekuwa mkali kuliko elimu aliyofundishwa msikitini.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la kawaida kabisa: tabia haina dawa, na siku za mwizi ni arobaini. Sikatai kwamba aliyewahi kuiba, tukihesabu watu kwa wingi wao, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuiba tena kuliko ambaye hajawahi. Lakini fikiri mtu huyu alifikaje kizimbani. Mashine ilipoibwa, walioanza kutafutwa ni wenye rekodi. Polisi jamii walikwenda kwake kwanza, shahidi alilikumbuka jina lake kwanza. Rekodi imeshatumika kumtoa yeye katikati ya wanaume mia wa kijiji; ikitumika tena kuamua kwamba ndiye, imehesabiwa mara mbili. Mizani ya sokoni yenye jiwe lililofichwa chini ya sahani hudanganya namna hii hii, kila mpimo unaonekana halali. Na mwizi halisi, ambaye hajawahi kukamatwa, anapata kinga nzuri kuliko zote: ilimradi kuna mtu wa Maweni mtaani, hakuna atakayemtafuta yeye. Mwenye mashine asidhani kwamba kanuni hii inamtetea mwizi wake. Hukumu iliyosimama juu ya sifa humwachia mwizi wake huru na mashine yake huko huko iliko.

Watauliza, je, na yule aliyefanya vile vile mara tatu? Swali ni la haki, na sheria inalo jibu. Katika kesi mashuhuri ya New South Wales, iliyoamuliwa na Baraza la Faragha London mwaka 1893, mume na mke waliokuwa wakipokea watoto wachanga wa watu kwa malipo ili wawalee walishtakiwa kuua mmoja wao, wakadai wao hawakuua. Ushahidi wa miili ya vichanga wengine iliyofukuliwa kwenye nyua za nyumba walizowahi kukaa ulikubaliwa, kwa kuwa uliivunja hoja kwamba kifo kile kilikuwa ajali. Kanuni iliyobaki ni kwamba matendo mengine huingia yakiwa yanathibitisha jambo mahususi lililo kwenye ubishi, kama nia, au namna ya kipekee ya kutenda. Hayaingii ili tu kuonyesha kuwa mtu ni wa tabia hiyo. Kuiba madema usiku wakati watu wamelala si namna ya kipekee, ndivyo yanavyoibwa madema yote duniani. Lakini mtu aliyewauzia wanunuzi watatu kiwanja kimoja kwa hati moja ya kughushi, kisha wa nne akaletewa hati yenye muhuri ule ule, hapo cha zamani kimekuwa sehemu ya kisa cha leo. Kipimo chake ni kwamba unaweza kueleza, kwa sentensi moja isiyo na neno "tabia", kile ambacho tendo la zamani linathibitisha. Ukishindwa, liache.

Kwa shahidi, jibu ulichoulizwa, na useme ulichoona. Kama umeulizwa mshtakiwa ni nani kwako, inatosha kusema ni jirani yangu, namjua tangu mwaka fulani. Kwa mwenyekiti wa mtaa, barua ya utambulisho unayoandika kwa ajili ya dhamana iseme mtu anakaa wapi na wadhamini ni akina nani. Suala la kifungo cha nyuma katika dhamana mahakama inalo lenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imekitaja kifungo cha zaidi ya miaka 3 kuwa kinaweza kuziba njia ya dhamana, na si kazi ya barua yako kuongeza minong'ono. Kwa mshtakiwa mwenye rekodi, au mzazi wake, nasema hivi: jitetee juu ya tukio. Usianze na "mimi ni mtu mwema, muulizeni yeyote," kwa sababu unaomba watu waulizwe. Ukivuka mpaka kwenda Mombasa ujue pia kuwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya imetaja waziwazi kwamba utetezi unaoshambulia tabia ya mlalamikaji au ya mashahidi wa mashtaka unaweza kuifungulia mahakama tabia yako wewe. Kusema shahidi amekosea saa ni utetezi. Kusema shahidi ni mwizi na mlevi ni kuanzisha mashindano ambayo mwenye rekodi hashindi.

Na kwa ndugu aliye ng'ambo aliyeketi kwenye juri, huenda akasikia agizo la jaji mara moja tu, kwa Kiingereza cha haraka. Chumbani mwao akitokea mwenzake wa kusema "huyu si mara yake ya kwanza," ana haki ya kuomba jaji aulizwe tena habari hiyo itumike kwa lipi. Mzee wa baraza wa huku kwetu ana njia fupi zaidi, kwa kuwa meza ni moja na Kiswahili ni kimoja. Mwenzake akisema "lakini huyu tunamjua," amuulize: tukiacha hilo, ni shahidi gani aliyekushawishi, na kwa neno lipi? Akitaja shahidi na neno, wazungumze juu ya shahidi huyo mpaka waafikiane au watofautiane kwa haki. Akirudia kwamba wanamjua, mzee aiweke wazi sababu yake mbele ya hakimu kabla uamuzi haujaandikwa, kwamba kwa ushahidi uliosikika leo yeye hajaridhika, na aombe maelezo hayo yaingie kwenye mwenendo wa kesi ili mahakama ya rufani ikiletewa jalada iyakute.